UZI: Mfereji wa Suez, na jinsi nchi inavyopoteza mali yake kidogo kidogo

1/ Kila mjadala wa mkopo mkubwa, bandari, reli ama uwanja wa ndege ukizuka hapa Kenya, tunagawanyika makundi mawili. Kuna wale wa "nchi imeuzwa!" na wale wa "hakuna maendeleo bila mkopo, wacheni siasa." Tunarushiana maneno siku tatu, tunachoka, tunahamia stori nyingine. Mkataba wenyewe ni wachache waliousoma.

2/ Leo nataka tusome mkataba wa watu wengine, kwa sababu huo tayari tunajua ulivyoisha. Ni wa Mfereji wa Suez, kule Misri. Sheria za hapa mnazijua: sitaji mwanasiasa wala chama. Watawala wa kale walio kwenye vitabu vya historia nitawataja, wa karibuni nitawaita kwa vyeo tu. Uzi ni mrefu, tafuta chai.

3/ Kwanza jiografia. Kati ya Bahari ya Mediterania na Bahari ya Shamu kuna kipande chembamba cha jangwa. Kabla ya mfereji, meli ya Ulaya ikitaka kwenda India ilizunguka Afrika yote kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Mfereji ulipunguza safari ya London hadi Bombay kwa karibu asilimia 40. Kwa hivyo anayeshika kipande hicho anashika mlango wa biashara. Anashika pia mlango wa majeshi, na hilo la pili watu husahau.

4/ Mwaka 1854, Said, aliyetawala Misri chini ya milki ya Ottoman, alimpa Mfaransa Ferdinand de Lesseps kibali cha kuunda kampuni ya kuchimba mfereji. Hakukuwa na tenda. Walijuana tangu Said akiwa kijana, wakati Lesseps alikuwa konseli wa Ufaransa Alexandria. Muda wa kibali: miaka 99, kuanzia siku mfereji utakapofunguliwa. Shikeni hiyo namba 99, tutairudia.

5/ Mgao wa faida ulikuwa hivi: asilimia 75 kwa wenye hisa, 15 kwa serikali ya Misri, 10 kwa waanzilishi. Misri ilitoa na ardhi. Makubaliano ya 1856 yakaongeza kwamba wafanyakazi wanne kati ya watano lazima wawe Wamisri. Ukisikia hivyo haraka haraka unaona ni ajira kwa wenyeji. Hebu ngoja.

6/ Kazi ilianza Aprili 1859, na "ajira" hiyo ikawa shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa. Serikali ilikusanya wakulima vijijini, ikafika karibu watu 20,000 kwa mwezi, wachimbe kwa zamu. Wengine wakiwa njiani kwenda, wengine wakiwa kazini, wengine wakiwa njiani kurudi. Mashamba yao nani aliyalima? Hiyo gharama haikuandikwa kwenye hesabu ya kampuni yoyote.

7/ Sasa hisa. Zilitolewa hisa 400,000, kila moja faranga 500. Wafaransa walinunua zaidi ya nusu. Waingereza walikataa, wakasema mradi hautafaulu, na serikali yao iliupiga vita miaka mingi. Zile zilizokosa mnunuzi Lesseps alimrundikia Said. Misri ikajikuta na karibu asilimia 44 ya kampuni, kwa pesa ambayo haikuwa nayo. Mwaka 1862 ikachukua mkopo wake wa kwanza mkubwa wa nje, London.

8/ Said alifariki 1863, akaingia Ismail. Ismail aliona mkataba umembana, akataka kukomesha shokoa na kurudisha sehemu ya ardhi. Kampuni ikalalamika. Kesi ikapelekwa kwa msuluhishi. Msuluhishi alikuwa nani? Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, ambaye mkewe alikuwa na undugu na Lesseps. Nyie mnatarajia nini hapo?

9/ Uamuzi wa 1864: Misri ilipe faranga milioni 84. Milioni 38 kwa kuondoa wafanyakazi wa shokoa, 30 kwa kurudishiwa ardhi yake, 16 kwa mfereji wa maji matamu na haki zake. Yaani nchi ilitozwa kwa kuacha kuwalazimisha raia wake wenyewe kuchimba. Kila mara mnaposoma "mzozo wowote utaamuliwa nje ya nchi" kwenye mkataba, kumbukeni hiyo 84.

10/ Kwani kwa nini wakopeshaji waliendelea kuikopesha Misri? Pamba. Vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba ya kusini mwa Marekani, bei ikapaa, na pamba ya Misri ikawa dhahabu. Bajeti ikapangwa kana kwamba bei ile ni ya milele. Vita vikaisha 1865, bei ikaanguka. Mikopo ikabaki pale pale.

11/ Tuwe wa haki. Ismail hakula pesa zote. Alijenga reli, mifereji ya kumwagilia mashamba, shule, simu za waya, madaraja. Alijenga na makasri pia. Lakini shida kubwa ilikuwa namna ya kukopa. Mkopo wa 1873 uliandikwa pauni milioni 32, lakini kilichoingia Misri, baada ya makato ya mabenki, kilikuwa takriban milioni 20. Riba inalipwa kwa 32, si kwa 20.

12/ Mfereji ulifunguliwa 17 Novemba 1869. Wafalme na wakuu wa Ulaya walialikwa kwa gharama ya Misri, mke wa Napoleon III akaongoza msafara akiwa kwenye meli yake. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Harusi ndiyo hiyo. Matanga yanakuja.

13/ Kibiashara, mwanzo ulikuwa wa taabu. Mwaka 1870 zilipita meli 486 tu. Merikebu za tanga hazikufaidika sana kwa sababu upepo wa Bahari ya Shamu ni mgumu kwao. Mfereji ulizipa faida meli za moshi, na wenye meli za moshi wengi walikuwa Waingereza. Ikafika miaka ya 1880, zaidi ya robo tatu ya mizigo inayopita ni ya Uingereza, nchi ile ile iliyokataa kununua hisa.

14/ Hata pwani yetu iliguswa mapema. Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza meli ya barua ya kila mwezi kutoka Aden hadi Zanzibar. Mahali palipofikiwa kwa kusubiri majira ya pepo sasa palipata ratiba. Baada ya ratiba wakaja mawakala, bima, mabenki na makonseli.

15/ Turudi Misri. Novemba 1875, Ismail hana pesa ya kulipa madeni yanayoiva. Kitu cha pekee kinachouzika haraka ni zile hisa. Serikali ya Uingereza ikasikia, bunge likiwa likizo, ikakopa pauni milioni 4 kutoka kwa familia ya Rothschild na kununua hisa 176,602 siku chache tu baadaye. Misri, iliyotoa ardhi na watu, ikabaki bila hisa hata moja ya maana.

16/ Na si hayo tu. Kwa sababu Ismail alikuwa ameshaiachia kampuni magawio ya hisa hizo mpaka 1894, Misri ilikubali kuilipa Uingereza riba ya asilimia 5 kila mwaka hadi mwaka huo. Soma tena polepole. Umeuza kitu chako, na unaendelea kumlipa mnunuzi kwa miaka 19.

17/ Pesa ya hisa haikumaliza hata mwaka. Mwaka 1876 Misri ilisimamisha malipo ya madeni, ambayo sasa yalikuwa yamepita pauni milioni 90. Wakopeshaji wa Ulaya wakaundiwa ofisi Cairo ya kupokea moja kwa moja mapato ya mikoa fulani, forodha na reli. Mwaka 1878 Mwingereza akawa waziri wa fedha na Mfaransa akawa waziri wa ujenzi. Mwaka 1879 Ismail alipogoma, Sultani wa Istanbul alisukumwa na Ulaya amwondoe kwa telegramu.

18/ Mwaka 1880 ile asilimia 15 ya faida, kipande cha mwisho, ikauzwa kwa benki ya Ufaransa kwa faranga milioni 22. Kuanzia hapo mpaka makubaliano ya 1937, Misri haikuwa na fungu katika faida ya mfereji unaopita katikati ya ardhi yake.

19/ Hapa ndipo nataka tusimame. Mpaka 1880 hakuna askari wa kigeni aliyekuja kuuteka mfereji. Hakuna aliyebeba dhamana. Kilichotokea ni sahihi moja baada ya nyingine: kibali, hisa, fidia, magawio, mapato ya forodha, asilimia 15. Kila moja peke yake ilikuwa na sababu iliyoeleweka siku hiyo. Kila moja ilizima moto wa mwezi huo.

20/ Askari walikuja baadaye, kulinda kilichokwisha kusainiwa. Karibu nusu ya mapato ya Misri ilikuwa inaenda kwa madeni. Jeshi likapunguzwa, mishahara ikacheleweshwa, kodi ikapanda. Kanali Ahmed Urabi, mtoto wa mkulima, akaongoza vuguvugu la kudai katiba na kupunguza mkono wa wageni. Julai 1882 manowari za Uingereza zikapiga mizinga Alexandria.

21/ Urabi angeweza kuuziba mfereji. Lesseps alimhakikishia kwamba mfereji hautatumiwa kivita, ni njia ya wote. Akasubiri. Agosti jeshi la Uingereza likapita humo humo, likashuka Ismailia, na tarehe 13 Septemba likamshinda Tel el-Kebir asubuhi moja. Waingereza walisema wanakaa kwa muda tu. Waliondoka Juni 1956.

22/ Na sisi? Baada ya kuishika Misri ili walinde Suez, Waingereza walianza kuogopa nani atashika chemchemi za Mto Naili. Wanahistoria wengi wanaiona hofu hiyo kuwa sababu mojawapo ya kuing'ang'ania Uganda, na reli iliyoanza Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901 ilikuwa njia ya kufika huko. Reli ikagharimu zaidi ya pauni milioni 5, ikatafutiwa mzigo wa kubeba, na ardhi ya nyanda za juu ikagawiwa walowezi. Mwaka 1929 Uingereza ikaiahidi Misri, kwa niaba ya Kenya, Uganda na Tanganyika, kwamba hatutajenga kitu cha kupunguza maji ya Naili bila idhini yake. Mjadala huo nao haujaisha.

23/ Mwaka 1888 mataifa yalitia sahihi Istanbul kwamba mfereji utakuwa wazi kwa meli zote, za biashara na za vita, wakati wa amani na wa vita. Kwenye karatasi ni nzuri. Kwa vitendo, Uingereza iliwafungia maadui zake katika vita vyote viwili vya dunia. Lakini 1935, meli za Italia zilizobeba askari wa kwenda kuivamia Ethiopia ziliachwa zipite, zikalipa ushuru, zikaendelea. Mlango ulifungwa ama kufunguliwa kulingana na nani anaumia.

24/ Kumbukeni ile 99. Kibali kilikuwa kiishe 1968. Mwaka 1910, ikiwa imebaki miaka 58, kampuni ilikuja na ombi: ongezeni miaka 40, mpaka 2008, tuwape pauni milioni 4 za Misri sasa hivi na fungu kidogo la faida baadaye. Serikali ilikuwa na njaa ya pesa. Habari zikatoka magazetini, watu wakawaka, suala likapelekwa kwenye baraza la wawakilishi, nalo likakataa. Baraza lile halikuwa na nguvu nyingi, lakini hiyo kura iliokoa vizazi viwili.

25/ Julai 1956, Marekani na Uingereza zilipoondoa ahadi ya kufadhili bwawa la Aswan, rais wa Misri alisimama Alexandria akatangaza kuitaifisha kampuni. Jina "Lesseps" kwenye hotuba ndilo lilikuwa ishara ya watu wake kuingia ofisini. Wengi wanakumbuka hotuba tu. Wanasahau kwamba aliahidi kuwalipa wenye hisa kwa bei ya soko la Paris. Mwaka 1958 walikubaliana pauni milioni 28.3 za Misri, na zikalipwa zote.

26/ Kisha ikaja mtihani ambao naupenda kuliko hotuba. Meli ndani ya mfereji huongozwa na marubani. (Ndiyo, rubani ni neno la baharini kabla ya ndege.) Wengi walikuwa wageni. Katikati ya Septemba 1956 waliondolewa kwa pamoja, na Ulaya ikasubiri mfereji ukwame. Haukukwama. Marubani wachache wa Misri, pamoja na Wagiriki waliobaki na wengine walioajiriwa haraka, walifanya kazi bila kupumzika na meli zikapita.

27/ Oktoba 29 Israeli ikavamia, Uingereza na Ufaransa zikafuata. Misri ikazamisha meli ndani ya mfereji kuuziba, jambo ambalo Urabi hakulifanya kwa wakati. Mafuta mengi ya Ulaya yalipita hapo. Marekani ilikasirika, ikakataa kuiokoa pauni ya Uingereza iliyokuwa inaporomoka, na kabla ya Krismasi majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalikuwa yameondoka. Ona kitu: Uingereza iliingia Misri kwa sababu ya deni la Misri, ikatoka kwa sababu ya hali ya pesa zake yenyewe.

28/ Je, baada ya hapo ikawa raha mustarehe? Hapana. Vita vya Juni 1967 viliufunga mfereji miaka minane kamili, mpaka 5 Juni 1975. Meli 14 zilikwama kwenye Ziwa Kubwa Chungu muda wote huo. Oktoba 1973 wanajeshi wa Misri walivuka kwa kubomoa ukuta wa mchanga kwa pampu za maji. Mali ikiwa yako, na ulinzi wake ni wako, na hasara yake pia.

29/ Mwaka 2014 Misri ilitaka kuupanua. Badala ya kukopa nje, iliwauzia raia wake vyeti vya uwekezaji vya riba ya asilimia 12, ikakusanya pauni bilioni 64 za Misri kwa siku nane. Upanuzi ukafunguliwa Agosti 2015. Wako wanaosema uliharakishwa na mapato hayakupanda kama ilivyoahidiwa, na wana hoja. Lakini deni lile halikuja na waziri wa kigeni.

30/ Machi 2021 meli ya mita 400, Ever Given, iliziba njia siku sita na dunia nzima ikashtuka. Kuanzia mwisho wa 2023, mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalirudisha meli kwenye njia ya Rasi ya Tumaini Jema. Mapato ya mfereji yakaanguka kutoka takriban dola bilioni 10 mwaka 2023 hadi takriban bilioni 4 mwaka 2024. Hata parachichi zetu za kwenda Ulaya zilikaa baharini muda mrefu zaidi. Misri leo bado ina madeni makubwa. Kumiliki mfereji hakukuitibu kila ugonjwa.

31/ Kwa hivyo ukiniuliza niko upande gani, mimi niko upande wa kusoma. Mkataba wowote ukija, wa bandari ama reli ama uwanja, wacha kelele za "tumeuzwa" na "tumeendelea" uulize haya:
- Pesa zinazoingia zinapokelewa na nani kwanza, na akaunti iko wapi?
- Mkopo ni kiasi gani kwenye karatasi, na ni kiasi gani kimeingia kweli?
- Mzozo ukitokea, nani anaamua, na anakaa kwa nani?
- Ni lini unaisha, na nani anaruhusiwa kuurefusha?
- Siku wageni wakiondoka, marubani wetu wako wangapi?

32/ Swali la mwisho ndilo tunaloliruka zaidi. Misri ya 1956 ingekuwa na sheria, bendera na hotuba, lakini bila wale marubani wachache ingefedheheka ndani ya wiki moja. Ukisikia mradi wa miaka 30, uliza ni vijana wangapi wanafundishwa mwaka wa kwanza, si mwaka wa 29.

33/ Na lile la kurefusha msilidharau. Baraza la 1910 halikuwa na mamlaka kamili, wananchi wengi hawakuwa na kura, na bado waliizuia serikali isiuze 1968 kwa pesa ya haraka. Walichokuwa nacho ni nakala ya masharti mkononi na ujasiri wa kusema hapana. Sisi tuna katiba inayotupa haki ya kupata habari, Kifungu cha 35. Itumie. Omba mkataba, usome, ndo tuje tubishane hapa.